Embe limeingia kwenye dumu, ladha imekwenda wapi?

Msimu wa maembe ukishika kasi, barua za pombe ya matunda hunijia nyingi kuliko za maandazi na keki. Safari hii nimezikusanya pamoja kwa sababu, ukizichambua, nyingi zinagota mahali pamoja: mtu anatia tunda akitegemea utamu, kumbe hamira nayo inalingojea tunda hilohilo. Ninaishi Moshi mjini, nimekulia Kibosho kwenye nyumba ambayo mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilipikwa kwa harusi, kwa msiba na kwa ndugu wanaopanda kwao Krismasi, kwa hiyo mtanivumilia nikirudi kwenye ndizi mara kwa mara.

Shikamoo mama. Ni kijana wa Majengo, hapa hapa Moshi. Nimejifunza kutengeneza bia nyumbani kwa kimea cha shayiri alichoniletea rafiki yangu kutoka Nairobi, na bia ya kawaida inatoka vizuri. Sasa nimejaribu ya embe. Nilichukua kilo tatu za dodo, nikaponda, nikachemsha pamoja na maji ya kimea, nikatia hamira, nikasubiri siku kumi. Imetoka kavu, ina ukali, haing'ai, na wala hainukii embe. Embe limekwenda wapi?

Marahaba mwanangu. Embe lako limeliwa, na aliyelila ni hamira.

Embe lililoiva lina sukari kama gramu 14 katika kila gramu 100 za nyama yake. Kilo zako tatu, ukitoa maganda na kokwa, zilibaki labda kilo mbili za nyama, yaani sukari ya karibu gramu 280. Sukari ya matunda ni ya aina ambayo hamira huimaliza yote, haibakizi kitu. Kimea hakiko hivyo. Kikikaa kwenye maji moto hutoa sukari inayochacha, lakini pia hutoa wanga uliokatika nusunusu ambao hamira ya kawaida haiwezi kuula, na huo ndio unaoipa bia uzito mdomoni. Kwa hiyo ulipoongeza embe, uliongeza kilevi. Utamu hukuongeza hata kidogo, na bia ikaonekana kavu kuliko ile uliyoizoea.

Hamira ikishashiba, kinachobaki cha tunda ni uchachu wake, rangi kidogo na harufu. Sasa harufu ndiyo uliyoipoteza, tena mara mbili. Ulipochemsha, iliondoka na mvuke. Jiko lilinukia vizuri sana siku ile, sivyo? Ile harufu ya jikoni ndiyo iliyotakiwa iwe kwenye glasi. Halafu zile siku tatu nne za mwanzo, dumu linapobubujika kwa nguvu, hewa inayotoka hubeba harufu iliyosalia. Na kuhusu kutong'aa, hiyo ni pektini, kitu kilekile kinachofanya jemu igande. Tunda likichemka linaiachia, ikaelea humo isishuke.

Kwa hiyo badilisha saa ya kulitia. Pika bia yako ya kawaida, nyepesi, isiyo na uchungu mwingi. Iache ichache mpaka mapovu yatulie, kwa joto letu la Moshi ni siku ya tano mpaka ya saba. Hapo ndipo embe liingie, na likae siku tano hadi saba nyingine. Hamira itakula sukari yake, hilo huwezi kulizuia, lakini itakula taratibu bila kububujika sana, na harufu itabaki ndani.

Kuandaa embe lenyewe: chagua lililoiva hadi linanukia ukiwa mbali nalo, lisilo na doa la kuoza. Lioshe kabla ya kulimenya, kwa sababu uchafu ulioko kwenye ganda husafiri na kisu mpaka ndani. Kata vipande. Kama una friza, viache vigande usiku kucha. Barafu huzipasua chembe za tunda na ukiviyeyusha maji yanatoka yenyewe. Kisha weka kwenye sufuria yenye mfuniko na upashe moto mpaka nyuzi 70 hivi, ushikilie hapo dakika 15, usifike kuchemka. Asiye na kipimajoto aangalie vijipovu vidogo vikishika chini ya sufuria na mvuke ukianza kutoka, maji yenyewe yakiwa bado hayajaanza kucheza. Funika, poza hivyohivyo, mimina. Kwa lita 20 tia kilo nne za nyama ya embe, maana embe ni tunda pole kwenye bia. Pasheni ni kali, lita moja na nusu ya juisi yake inatosha dumu lote. Embe lenye nyuzinyuzi nyingi huziba mpira wa kuhamishia pombe. Mimi napendelea embe sindano, dogo lakini linanukia.

Na ule utamu? Hili bibi zetu wa mlimani walishalijibu kabla hujazaliwa. Angalia mbege inavyopikwa. Ndizi zilizoiva kabisa huchemshwa saa nyingi mpaka zinageuka rangi, huchujwa, na yale maji huachwa yachache siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyangi. Ukiionja peke yake ni kali na kavu, sukari ya ndizi imekwisha, kama ilivyo bia yako. Pembeni kuna ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji pamoja na gome chungu la mti wa msesewe, na huo ndio mso. Mso huchanganywa na nyangi mwishoni kabisa, na kesho yake watu wananywa. Utamu unaousikia kwenye mbege changa ni wa ulezi ambao hamira haijapata muda wa kuumaliza. Ndiyo maana mbege ya siku ya kwanza hata mgeni anaikubali, na ya siku ya tatu ni ya wazee waliozoea. Hawakupambana na hamira, waliiwahi.

Nawe fanya vivyo hivyo. Bia ikae kavu kwenye chupa, na juisi ya embe iingie kwenye glasi wakati wa kunywa, robo juisi, robo tatu bia. Ubelgiji kuna bia ya cheri inayoitwa kriek, inayotengenezwa kwa kulaza cheri chachu ndani ya bia ya huko iitwayo lambic kwa miezi. Bia ile ya asili ni chachu na kavu kabisa, na wenyeji wanaipenda kwa sababu hiyohiyo. Wanachotafuta humo ni harufu ya cheri na uchachu wake. Ukishaacha kulitafuta embe tamu ndani ya chupa, utaanza kulisikia embe lenyewe.

Mama, habari za kazi. Natokea Sakina, Arusha. Nilitengeneza pombe ya nanasi, nikaifungia kwenye chupa siku ya nne, na kila chupa nikaongeza kijiko cha sukari ili iwe na gesi. Usiku chupa tatu zimepasuka kabatini. Zimebaki kumi na tano. Nifanye nini?

Soma hii kabla hujagusa chochote. Watoto wasiingie chumba hicho. Usifungue kabati mikono mitupu. Vaa koti zito, miwani yoyote uliyo nayo, na glovu za bustani au soksi nene mikononi. Tupia gunia au blanketi lenye maji juu ya chupa zote kabla ya kuzisogeza, kisha zihamishie mahali pa baridi, zikiwa bado zimefunikwa. Zikishapoa kabisa, fungua moja moja, kizibo kikiwa chini ya kitambaa na uso wako ukiwa pembeni, ukiinua kizibo kidogo kidogo. Zote, usibakize hata moja kwa kuionea huruma. Kipande cha chupa hakichagui jicho.

Sasa sababu. Siku ya nne hamira ilikuwa bado kazini. Kila gramu nne za sukari katika lita moja ya pombe hutoa gesi ya kama lita moja. Bia ya dukani ina gesi ya lita mbili na nusu hivi kwa kila lita ya bia, na chupa nzima nzito inaivumilia. Nanasi lako likiwa limebakiza gramu 20 tu za sukari kwa lita, hizo peke yake ni lita tano za gesi, na bado hujahesabu kijiko ulichoongeza. Hakuna chupa ya bia iliyotengenezwa kwa mzigo huo.

Kitu cha kununua ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kusoma uzito wa kimiminika. Ukianza unasoma, tuseme, 1.045. Siku ya kufungia unasoma tena, na baada ya siku tatu unarudia. Namba ikiwa ileile, hamira imemaliza. Ikishuka hata kidogo, subiri. Namba hizo hukupa pia kilevi: toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131. Ukianza 1.045 ukamaliza 1.010, una asilimia 4.6 hivi. Pombe ikishatulia kweli, gramu sita mpaka saba za sukari kwa lita zinatosha kuleta gesi. Usitie kijiko kwa kila chupa, mikono hailingani. Pima ya dumu zima kwenye mizani, yeyusha kwenye maji kidogo yaliyochemka, changanya, ndipo ujaze.

Nina njia moja ya kulinda nyumba ambayo naipendekeza kwa kila anayeanza. Katika kila dumu, chupa moja iwe ya plastiki ya soda. Iminye kila siku. Ikishakuwa ngumu kiasi cha kutobonyea, za kioo nazo zimefika, zipeleke zote kwenye friji. Na chupa za kioo ziwe zile nzito za bia za kahawia. Chupa bapa za pombe kali na chupa za sosi hazikutengenezwa kwa gesi.

Arusha kuna mtego mwingine. Juni na Julai usiku ni baridi, hamira inasinzia, mapovu yanakoma, na mtu anaamini kazi imekwisha. Joto likirudi, inaamkia ndani ya chupa. Kwa hiyo miezi hiyo usiamini mapovu hata kidogo, amini haidromita.

Nanasi lina jambo lake pia. Likiwa bichi lina kimeng'enya kinachokula protini, bromelaini, na protini ndiyo inayoshikilia povu la bia. Papai nalo lina papaini, ambayo viwanda vya bia vimewahi kuitumia makusudi ili bia isipate ukungu ikipozwa. Ukitaka povu likae, pasha matunda hayo moto vizuri kabla ya kuyatia.

Hamira ya mandazi inafaa, au lazima niagize ya bia? Na kipimajoto changu kinasoma nyuzi 95 maji yakichemka. Ni kibovu? (Msomaji, Njiro)

Inafaa. Ni kiumbe kilekile, Saccharomyces cerevisiae, ila ukoo tofauti. Ya mkate haishuki vizuri chini ya dumu, na huacha ladha ya unga uliochachuka. Kwenye pombe ya pasheni au ukwaju hutaisikia, kwenye bia nyepesi utaisikia. Pakiti ya gramu 11 inatosha lita 20. Usiitie kwenye kimiminika cha moto. Dumu likiguswa kwa nje liwe la baridi, nyuzi 25 kushuka chini. Ikichacha kwenye joto kubwa hutoa harufu kali inayopanda puani. Februari weka dumu ndani ya beseni la maji na ulivalishe kitambaa kilicholowa. Maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto.

Kipimajoto chako ni kizima. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzi kama 95. Kwetu Moshi ni karibu 97.

Shikamoo dada. Tunakaa Maji ya Chai. Maji yetu yanajulikana, watoto wengi hapa wana meno ya kahawia. Nikichemsha maji saa nzima kabla ya kupikia pombe ya ndizi, si yatakuwa salama?

Marahaba. Hapana, yatakuwa mabaya zaidi, na nashukuru umeuliza.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Tatizo la maji ya chini ya Meru ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na madini hayafi wala hayaondoki na mvuke. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Ukianza na lita 20 zenye miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ukachemsha mpaka zikabaki 15, sasa una miligramu 2 kwa lita. Na vyanzo vingine vya upande wenu vinaanza juu sana ya hapo. Hamira haiigusi, chujio la kitambaa haliishiki.

Tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, ukiacha mvua ya kwanza ioshe paa. La sivyo, maji yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa; kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani zenu kabisa, kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Tengeru nako, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, ndiko Dk. Askwar Hilonga alikobuni kichujio chake kilichopata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015. Lakini nakuomba usianze na pombe. Anza na maji ya uji na chai ya hao watoto, maana meno na mifupa yao ndiyo inayokua sasa. Pombe ya ndizi ingoje maji yapatikane ya kutosha.

Mama, mimi ni mkwe katika nyumba moja hapa Soweto, Moshi. Baba mkwe ana miaka 71, anatumia dawa za presha. Anataka nimpikie mbege ya nyumbani kwa sababu anasema ya kilabuni siku hizi ni sukari na hamira tu. Nitamkatalia vipi? Au nisimkatalie?

Mwanangu, baba mkwe anajua anachosema. Mbege iliyoongezwa sukari ya dukani ili iwahi, mtu mzima wa mlimani anaitambua kwa funda la kwanza: haina mwili. Ulezi haupo.

Lakini presha ni jambo la kusimama. Kilevi chenyewe kikizidi hupandisha presha, na baadhi ya dawa zikikutana nacho mtu anapata kizunguzungu akisimama ghafla. Juu ya hapo kuna msesewe. Ule mti kitaalamu unaitwa Rauvolfia caffra, na ukoo wa Rauvolfia ndio uliotoa reserpine, mojawapo ya dawa za zamani za kushusha presha. Wazee hawakuutia kwa ajili ya presha, waliutia kwa uchungu, kama Wazungu wanavyotia hopsi. Hata hivyo mtu anayemeza vidonge kila asubuhi asiuongeze mwilini bila daktari wake kujua. Kwa hiyo usimkatalie wewe. Nenda naye kliniki siku yake ya kawaida, mwambieni daktari majina yote mawili, mbege na msesewe. Mzee akiambiwa na daktari hatakulaumu wewe, na akiruhusiwa kata moja jioni utampikia kwa moyo mweupe.

Ukija kupika, shughulikia ulezi kuliko kitu kingine. Loweka siku nzima, chuja, tandaza chini ya majani ya migomba au gunia safi, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu vimizizi vimetoka. Anika juani haraka mpaka ukauke kabisa. Ukiona utando wa kijivu au wa kijani, au harufu ya uvundo, tupa wote. Kuvu wa nafaka ana sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na nafaka nyingine nazo hazina kinga. Ulezi wa mtu aliyeuanika vizuri unanukia utamu. Kule Mbuyuni sokoni kimea kilichosagwa kinauzwa, lakini mimi nanunua ulezi mzima na kuotesha mwenyewe, kwa sababu unga hauonyeshi ulikopita.

Uji ukishapikwa, uache upoe mpaka uweze kustahimili kidole kwa muda mfupi tu, ndipo ukoroge konzi ya kimea kibichi kilichosagwa. Utaona uji mzito unalegea palepale mbele ya macho yako. Kimea kinakata wanga kuwa sukari. Ni kazi ileile inayofanyika kwenye togwa, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika upishi huu.

Usichachushie kwenye ndoo ya bati wala pipa lenye kutu. Mbege ni chachu, na uchachu unamung'unya zinki na kuiingiza kwenye kinywaji. Watu wameumwa matumbo vibaya kwa hilo. Tumia pipa la mbao, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, isiyowahi kubeba rangi, mafuta ya gari wala dawa za shamba.

Nimejifungua wiki ya pili sasa. Mama mzazi ananiletea mbege akisema inaongeza maziwa. Ni kweli? (Msomaji, Kiboriloni)

Hongera sana mwanangu. Mama yako anakupenda na anafanya alichofanyiwa. Lakini kilevi kinachoingia kwenye damu yako kinaingia pia kwenye maziwa kwa kiwango kilekile, na hakiongezi maziwa, kinapunguza yanayotoka. Mwambie kwa upole akuletee mtori wa nyama, uji wa ulezi, na maji mengi. Ulezi wenyewe anaousifia umo kwenye uji. Togwa nayo, ya siku hiyohiyo, ikiwa haijaanza kububujika.

Habari dada. Sisi ni vijana wanne Arusha, pombe yetu ya pasheni na ndizi inapendwa na kila aliyeionja. Tunataka kuuza. Pia mwenzetu anasema tukiichemsha tukakusanya mvuke tutapata kali na faida kubwa. Ushauri wako?

Huyo mwenzenu mwambieni hapana, leo. Hiyo ni gongo, na kuitengeneza bila kibali ni kosa tangu sheria ya mwaka 1966. Na si sheria peke yake. Pektini ya matunda inapochachuka hutoa methanoli kidogo, kiasi ambacho kwenye pombe ya kawaida hakidhuru; ukikusanya mvuke kwa vifaa vya kubahatisha unaikusanya pamoja. Methanoli inapofusha, na inaua.

Kuuza hiyo yenu ya kuchachusha kunawezekana. Arusha kuna kiwanda kilichokua kwa kutengeneza vinywaji vya ndizi, kwa hiyo mnafuata njia ambayo imekwisha kanyagwa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka anayeuza pombe awe na leseni, hata ya kienyeji. Ulizeni halmashauri yenu kabla ya kumuuzia mtu glasi ya kwanza. Ukifunga kwenye chupa yenye lebo, unaingia kwa TBS, shirika la viwango, na TRA, mamlaka ya kodi, kwa stempu za ushuru. Msifikirie vipakiti vya plastiki kupunguza gharama, viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017.

Anzieni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wana ofisi Arusha na Moshi, na wamezoea wajasiriamali wanaokuja na dumu na wazo. Swali la kwanza litakuwa bidhaa yenu inakaa muda gani, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hamira bado i hai ndani ya chupa na sukari ya pasheni haijaisha. Kwa hiyo kabla ya kwenda, fungieni chupa ishirini siku moja, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye daftari. Kumi zikae kwenye friji, kumi kwenye joto la chumba ndani ya sanduku lenye mfuniko. Fungueni moja ya kila upande kila wiki, someni haidromita, onjeni, andikeni. Daftari hilo ndilo mtakaloingia nalo mlangoni.